Kapteni Kulwa Karudi Bila Mkewe

Benchi letu lipo Kambarage, hapa Shinyanga, limeegemea ukuta wa duka la Viral anayeuza redio na runinga. Ni gogo la mninga ambalo Boaz alikuja nalo kutoka machimboni Geita. Huko lilikuwa limeshikilia ukuta wa duara, yaani shimo la dhahabu, usimwangukie. Alipoacha uchimbaji akaondoka nalo kama mtu anayemtorosha mke kwa wakwe wabaya. Mimi ndiye ninayemimina kahawa. Naitwa Mama Mageni, shule niliishia darasa la tatu, ila masikio yangu yaliendelea kusoma. Siku ninayowasimulia benchi lilijaa kabla birika halijachemka, kwa sababu runinga ilikuwa imetangaza kwamba ile tamthilia ya watu wanaoishi kwenye chombo cha angani, ambayo sisi tunaiita Kapteni Kulwa, inarudi jioni hiyo baada ya kupotea miaka mingi.

Kama wewe ni mgeni, ujue kwanza kwamba Kapteni Kulwa tulimjua kwa mdomo wa Donatus. Donatus ana banda la video nyuma ya soko. Anaweka filamu ya Wazungu, anazima sauti yao, anashika maikrofoni, anatueleza kwa Kiswahili wanachosema. Kiingereza alikipata wapi hatukumuuliza. Picha inakwenda, mdomo wa Donatus unakwenda, sisi tunalia. Kapteni Kulwa alikuwa akizunguka juu huko kutafuta ng'ombe wa baba yake walioibiwa na watu wa sayari nyingine, na adui yake mkubwa alikuwa mama mkwe. Mara ya mwisho tulimwona akiingia na chombo chake kwenye shimo jeusi lisilo na mwisho. Hapo picha zikakatika, na huko wanakotengeneza wakaacha kutengeneza. Donatus akasema kwenye maikrofoni: "Duara limemfukia. Mke wake anamsubiri." Watu wakatoka bandani wanafuta makamasi kwa mikono ya mashati.

Aliyelia kuliko wote ni Bernadina, Mama Paskazia, anayeuza dagaa wa Nkome. Mume wake, Faustini, alifukiwa na duara la kweli. Walichimba wakachoka, mwili haukuonekana. Kwa wakwe zake huko Nkome, mtu asipoonekana huzikwa gogo la mgomba badala yake, msiba ukaisha. Wakakata mgomba, wakauvika shati la Faustini, wakachimba na kaburi. Bernadina akaenda akaukalia ule mgomba. Aliukalia mpaka jua likazama, akasema hamumziki mtu ambaye hamjamwona. Mgomba ukaliwa na mbuzi, shati akarudi nalo. Tangu hapo si mjane, si mke. Donatus amemtaka muda mrefu, na mimi ndiye niliyetumwa kupeleka maneno. Jibu alilitoa hapahapa kwenye benchi, watu wote wakisikia:

— Kapteni naye alifukiwa, naye hakuonekana. Wakituonyesha amerudi, mimi namsubiri Faustini wangu. Wakituonyesha amekufa, leteni mgomba, halafu Donatus aje tuzungumze.

Basi hapo ndipo tulipokuwa. Mmoja anasubiri mume, mwingine anasubiri mke, na wote wawili wanasubiri runinga.

Boaz ndiye aliyeanza. Tunamwita Matimba, kwa sababu ya magogo ya duara.

— Mimi nasema mapema, wameiharibu.

— Umeiangalia? akauliza Chacha. Huyu ni mlinzi wa ghala, kabila lake Mkurya, tunamwita Antena maana kiredio chake hakibanduki sikioni hata akiwa anaoga.

— Sijaiangalia.

— Sasa umejuaje?

— Wewe ulishaona kizuri gani kikarudi? Mimi wanawake wamenikimbia kadhaa. Aliyerudi ni yule mbaya.

— Amerudi kwa sababu kule alikokwenda walimwambia we bora urudi kwa Boaz.

— Ongea tu. Mimi najua ile ya zamani ilikuwa na watu wenye adabu. Hii ya sasa watavua nguo.

— Angani? Kwenye baridi ile?

— Watavua. Siku hizi hawawezi kusimulia kitu mpaka mtu avue.

Chacha akanisogezea kikombe nikijaze.

— Mama Mageni, mimi nimepiga simu redioni asubuhi. Nimewaambia mkimbadilisha Kapteni Kulwa, sisi wa Kambarage hatulali. Unajua mtangazaji kasema nini? Kaniuliza, Kapteni Kulwa ni nani? Nikamkatia simu. Mtu hamjui Kapteni Kulwa, nani kampa kazi ya redio?

— Shemeji yake, akasema Boaz.

Donatus alikuwa kwenye ncha ya benchi, kimya. Donatus akiwa kimya ujue ana homa au ana kosa. Asubuhi alikuwa amekuja peke yake, nikiwa bado napuliza mkaa, akaniuliza:

— Mama Mageni, siku hizi umeme unakatika saa ngapi?

— Unataka ukatike?

— Nauliza tu.

— Huwa unakatika nikiwa na nguo za kupiga pasi.

Akacheka kicheko cha mtu aliyeumwa na jino. Nilimwelewa. Bandani kwake yeye ndiye anayesema nani kafa na nani kapona. Leo runinga ingesema yenyewe, na kwa Kiswahili, maana walikuwa wametangaza kwamba safari hii inakuja imetafsiriwa tayari huko Dar es Salaam.

Viral akatoka dukani, akaigeuza runinga kubwa ya mlangoni itutazame sisi.

— Shikamoo mayu, mama yetu. Shikamooni wazee.

— Marahaba, baba. Mzee Mansukhlal haji kuangalia?

— Baba yupo nyuma ya nyumba, analinda mgomba wake. Mbuzi wa mtaa huu wameuona.

Boaz akapiga paja.

— Shinyanga hii watu wanagombana kisimani, yeye ananywesha mgomba! Mgomba mmoja mtaa mzima, kama mke wa mfalme.

— Ni wa sala, Mzee Boaz. Majani yake tunayatumia kwenye ibada.

— Si mngesali kwa mtama? Mtama hauna kiburi.

— Nenda umwambie mwenyewe, akasema Viral. Mimi jana nimefukuzwa kwa kukanyaga maji yake tu.

Hapo akafika Bernadina na beseni lake kichwani. Wakanyamaza wote kama wanafunzi, kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na hiyo ni mbaya kuliko kunyamaza. Alinisalimia, akatua beseni, akakaa katikati. Alikuwa amevaa kitenge kipya. Nikajiuliza, mtu anavaa kitenge kipya kumpokea aliyerudi au kumuaga aliyekufa? Sikumuuliza. Na mnajua kutokuuliza kunavyonidhuru.

Boaz akataka kumpendeza.

— Mama Paskazia, usiogope. Kapteni yu hai. Mimi nimekaa ndani ya maduara, najua. Ukifukiwa, kunabaki hewa kidogo, ya kujaza kijiko. Mjinga anaivuta yote kwa pupa, anakufa. Mjanja anaionja.

— Miaka yote hii anaionja? akauliza Chacha.

— Juu huko miaka haiendi kama ya kwetu. Kwao ni kama umekwenda uani ukarudi.

— Na chakula?

— Alikuwa na ng'ombe.

— Ng'ombe si walikuwa wameibiwa?

— Walikuwa humohumo shimoni! Wewe unadhani wezi waliwaficha wapi? Kaangukia kundi lake mwenyewe. Anakunywa maziwa, anaonja hewa, anasubiri watu wafike na koleo.

Bernadina alimsikiliza bila kupepesa. Nilitamani kumpiga Boaz kwa mwiko. Kumpa mwanamke tumaini la kijiko ni kazi ya dakika. Anayekaa nalo ni mwingine.

Chacha akashusha kiredio sikioni, jambo ambalo halitokei.

— Nyie Wasukuma mnanishangaza. Mmekaa na huyu mtu miaka yote hamjaona jambo lililo wazi. Anaitwa nani?

— Kulwa.

— Kulwa kwenu ni nani?

— Pacha wa kwanza.

— Wa pili anaitwaje?

Boaz akafumba mdomo. Akaufumbua.

— Doto! Yesu na Maria! Doto yuko wapi?

Donatus kahawa ikamwendea njia isiyo yake. Akakohoa mpaka nikampiga mgongoni.

— Dona, akasema Chacha, wewe ndiye uliyetueleza. Mtu haitwi Kulwa bila Doto. Doto yuko wapi?

— Atatajwa.

— Lini?

— Filamu ni ndefu, Chacha.

— Haa! Hatatajwa, kwa sababu ndiye mwizi! Doto ndiye aliyeiba ng'ombe. Mama mkwe anajua, ndiyo maana ana kisirani. Sasa nisikilizeni vizuri. Leo mtaona mtu anatoka shimoni, sura ni ya Kapteni, mtashangilia. Siyo Kapteni. Ni Doto! Kapteni kafia mle, Doto kavaa nguo zake, anakuja kulala kitanda cha kaka yake.

— Na mke asijue? akauliza Boaz.

— Mapacha wale, atajuaje?

— Atajua, akasema Bernadina.

— Mama Paskazia, mapacha wanafanana mpaka...

— Chacha, Faustini akikohoa mtaa wa pili mimi namjua. Usiniambie mke hamjui mume.

Nikapitisha kashata, maana kashata inasaidia watu wasio na la kusema.

Muziki ukaanza. Viral akaongeza sauti. Umeme ulikuwepo, umesimama imara kama askari, na Donatus akautazama waya wa nguzoni kwa chuki. Sauti nzito ya kijana wa Dar es Salaam ikasema: "Karibu tena ndani ya Merikebu ya Anga."

— Siyo hii, akasema Boaz. Viral, hii ni nyingine. Tafuta ya kwetu.

— Ndiyo hii, Mzee Boaz. Angalia sura.

Kweli zilikuwa sura zilezile, isipokuwa walikuwa wamezeeka. Yule rubani mwembamba sasa ana kitambi. Yule mfupi wa masikio makubwa, masikio yamelegea.

— Wamechoka hawa, akasema Chacha. Angani napo kuna maisha magumu.

Akatokea mama mkwe, mwenye shingo ndefu na macho ya kusuta. Tukamzomea kwa mazoea. Sauti ya Dar es Salaam ikasema: "Mheshimiwa Rais wa Dunia, vikosi vinasubiri amri yako."

— Rais? akashangaa Boaz. Mama mkwe kagombea lini?

— Kapita bila kupingwa, akasema Chacha. Nani ampinge na macho yale?

— Na ng'ombe? Mbona hawataji ng'ombe?

"Bila nishati ya sayari ya tatu," ikasema runinga, "sote tutaangamia."

— Nishati ndiyo nini?

— Umeme, akasema Viral.

— Kwa hiyo watu wamezunguka nyota zote kutafuta umeme? Boaz akasimama. Si wangekuja hapa tuutafute pamoja? Viral, hawa wametafsiri vibaya. Hawajui Kiingereza hawa! Dona, waambie!

Donatus alikuwa anasoma maandishi ya chini ya kikombe changu, ambacho hakina maandishi.

Kisha akaja mke. Sesilia, Donatus alimwita hivyo. Yule dada wa nywele nyeupe na macho ya kijivu, mpole, hacheki ovyo, anayesimama mbele ya dirisha la chombo akitazama giza. Bernadina akasogea mbele kidogo kwenye benchi. Runinga ikasema: "Washeni mashine ya kumbukumbu." Akaja fundi na bisibisi, akamgeuza Sesilia, akamfungua mgongo. Ndani palikuwa na nyaya, na taa nyekundu inawakawaka.

Ilikuwa kama mtu ametupa nyuki kwenye benchi.

— Wamemfungua mke wa mtu!

— Mbele za watu!

— Ni mashine! Mke ni mashine!

— Nilisema watavua! akapiga kelele Boaz. Nilisema! Wamevua mpaka ngozi!

— Yaani mimi, akasema Chacha, nimelia machozi kwa ajili ya redio? Akaitazama redio yake mkononi. Si ningeoa hii?

— Wametafsiri vibaya! Aliyetafsiri aletwe hapa, asomeshwe na Donatus!

— Napiga simu redioni.

— Piga! Waambie mke wa Kapteni ana mgongo mzima, sisi tunamjua!

Hapo ndipo alipotoka Disha na kiti chake cha plastiki. Disha ni mke wa Viral, bi harusi mpya kutoka Mwanza, hina ya mikononi bado inaonekana. Akatusalimia vizuri, akaketi kando yangu, akatazama kidogo.

— Mnisamehe, mimi sijawahi kuiona hii. Huyo Kapteni mke wake ni yupi?

Boaz akamwonyesha yule mwenye mgongo wazi.

— Huyo? Si wamesema sasa hivi ni mashine?

— Wamekosea.

— Lakini zile si nyaya?

— Nyaya wameziweka sasa, akasema Chacha. Zamani alikuwa mke kabisa. Alikuwa anamwekea mume sahani mezani kila jioni, asile mtu.

— Mliona sahani?

— Tulii... Chacha akamtazama Boaz. Boaz akamtazama Viral. Viral akaanza kufuta vumbi kwenye runinga.

— Sasa kama hamkuiona, akauliza Disha kwa upole kabisa, huyo mke alitoka wapi?

Benchi zima lenye habari za mashimo ya angani na hewa ya kijiko likageukia runinga.

Jibu nilikuwa nalo mimi. Nilikaa nalo siku zote likanichoma ulimi. Kapteni Kulwa alikuwa kapera. Zile picha tulishaziangalia mpaka zikapauka, na hakuwa na mke wala mchumba. Alikuwa na mama mkwe tu, na hakuna aliyejiuliza mama mkwe bila mke kapatikanaje. Kisha Faustini akafukiwa, Bernadina akaukalia mgomba, akarudi Shinyanga, akaanza kuingia bandani na kukaa kiti cha nyuma. Wiki ileile Donatus akairudisha ile picha mwanzo, na Kapteni akawa na mke, yule dada wa dirishani. Mke anatenga sahani. Mke analala na shati la mume. Na mimi najua nani Kambarage analala na shati la mume, kwa sababu ni mimi ninayemwazima sabuni ya kulifulia.

Bernadina akageuza shingo taratibu, akamtazama Donatus. Hakuhitaji kuambiwa na mtu.

— Viral, akasema, zima sauti.

— Mama Paskazia, ndiyo kwanza...

— Zima sauti. Donatus, sema wewe.

— Sina maikrofoni.

— Sema.

Donatus akasimama pembeni ya runinga kama anavyosimama bandani. Mkono ukanyanyuka wenyewe na kikombe changu ndani yake, akakishika mbele ya mdomo. Hakuna aliyecheka, na mimi nilitaka sana.

Kwenye kioo lile shimo jeusi likatokea. Likatema chombo. Mlango ukafunguka, moshi ukatoka, na ndani ya moshi akatoka mtu. Ndevu nyeupe, kapungua mwili, lakini ni yeye. Watu wa chombo wakamkimbilia wakamkumbatia. Akacheka na yale meno yake.

— Amerudi! akasema Boaz. Kisha akautazama uso wa Donatus, akajutia sauti yake.

— Ni Doto, akanong'ona Chacha. Dona, sema ni Doto.

Njia ilikuwa imefagiliwa. Akisema ni Kulwa, Bernadina anarudi kusubiri mpaka azeeke. Akisema ni Doto, Kapteni kafia shimoni, mgomba unakatwa, naye anaoa. Neno moja tu. Na Donatus huyu maneno ndiyo kazi yake. Ameshawafufua watu kwa kikohozi tu cha kwenye maikrofoni.

Bernadina akasimama.

— Huyo ni nani?

Donatus akakishusha kikombe.

— Huyo ni mwigizaji, Mama Paskazia.

— Nani?

— Mwigizaji. Ni kazi yake. Wanamwambia ingia shimoni, anaingia. Wanamwambia haya toka, anatoka, anaoga, anakwenda kwake kula. Jina lake silijui. Wanachosema sikijui, sijawahi kukijua. Faustini aliingia kweli.

Boaz akainama, akaanza kulikwangua gogo la benchi kwa ukucha, pale penye alama ya kamba ya zamani.

— Kwa hiyo yule mke ni mimi, akasema Bernadina.

— Ulikuwa unalia peke yako kule nyuma. Nikaona angalau ulie na watu.

— Na banda likajaa.

— Lilijaa, ndiyo.

— Lilijaa kwa sahani yangu. Kwa shati langu. Kila nilipotaka kuacha kusubiri, nakuja kwako, unaniambia mke anasubiri. Halafu unamtuma Mama Mageni aje kuniposa! Wewe ulinitaka niache au niendelee?

— Vyote, akasema Donatus. Ndilo neno la maana kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema, na alilisema vibaya.

Bernadina akamtazama sana. Nilidhani atamwagia dagaa. Badala yake akaliinua beseni, akaliweka kwenye benchi pale alipokuwa amekaa, akajifunga kitenge upya kiunoni kama mtu anayekwenda shambani.

— Mgomba unapatikana wapi hapa Shinyanga?

Sasa hili swali jibu lake tulilijua wote. Tulijua ulipo, na tulijua mwenyewe alivyo. Chacha akarudisha redio sikioni. Boaz akazidi kukwangua. Viral akaangalia juu, akaangalia chini, akakumbuka ghafla kwamba kuna mteja dukani, na hakukuwa na mteja.

— Nyuma upo, akasema Disha.

— Disha!

— Si upo? Ule mkubwa umeshazaa, ilikuwa ukatwe tangu juzi. Mingine midogo inachipua pembeni. Ni Baba tu anauonea huruma.

— Baba ataniua mimi, siyo wewe.

— Atanuna. Nitampikia.

— Hujamjua bado, akasema Viral, lakini alikuwa ameshavua viatu vya dukani.

Bernadina akamshika Disha bega.

— Wabeja, asante, mwanangu. Nitakwenda kumwomba mwenyewe kwanza, kwa magoti. Akikataa ndipo tutanuna wote. Kesho kuna gari la Nkome. Wakwe zangu wataniona nashuka na mgomba wangu mwenyewe, waseme wanayotaka. Shati ninalo.

Donatus alikuwa bado amesimama kando ya runinga.

— Na mimi? akauliza.

— Wewe utabeba upande wa miguu.

— Nitabeba.

— Na maikrofoni uiache kwako. Pale kaburini nisikusikie hata unaguna.

— Sitaguna. Na baadaye? Tulisema tutazungumza.

— Nimesema utabeba, Donatus. Sijasema neno lingine.

Bernadina akafuata ubavu wa nyumba kwenda nyuma. Tukasikia Mzee Mansukhlal anakohoa, kisha Bernadina anampigia hodi, kisha maneno ya chini chini ambayo ningetoa birika langu lote kuyasikia. Sikusikia kitu. Boaz alikuwa anapumua kama ng'ombe.

Baada ya muda Disha, aliyekuwa amewachungulia kwenye kona, akarudi mbio. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mdomo ulikuwa unacheka.

— Amekubali. Amesema atashika ndoo ya maji mwenyewe, auoshe kwanza. Akatutazama mmoja mmoja, Boaz, Chacha, Donatus. Panga liko wapi?

Wanaume wale wanajua mashimo ya angani yanavyotema watu. Wanajua nani kaiba ng'ombe wa sayari nyingine na kawaficha wapi. Wakatazamana. Hakuna hata mmoja aliyejua panga lipo kwa nani.

Mimi nikaenda kuchukua la kwangu, lile la kupasulia kuni. Nilipopita mbele ya runinga, Kapteni alikuwa amesimama katikati ya watu wake anawahutubia, mdomo unafunguka na kufungika, mikono inarushwa huku na huku, bila shaka anaeleza mambo makubwa ya huko alikotoka. Hakuna aliyekumbuka kumrudishia sauti.